Kulea kifaranga asiye na mama, kuanzia saa ya kwanza

Kifaranga aliyetoka kwenye yai leo hana haraka ya kula. Ana haraka ya joto. Siku moja au mbili kabla ya kuvunja ganda, kiini kilichobaki huvutwa na kuingia tumboni mwake kupitia kitovu, na akiba hiyo inaweza kumweka hai hadi saa 72 bila punje wala tone. Ndiyo maana vifaranga wa siku moja husafirishwa safari ndefu ndani ya maboksi na kufika wazima. Lakini mwache kwa saa moja tu kwenye sakafu ya baridi akiwa bado amelowa, na akiba yote ile haitamfaa kitu. Manyoya yake ni laini kama sufi na hayazuii baridi, na mwili wake unahitaji wiki mbili hivi kabla ya kuweza kushika joto lake wenyewe.

Kwa hiyo ukijikuta na kifaranga ambaye mama yake amekufa, amemtelekeza, amemkataa, au ambaye ametotolewa kwa mashine na hajawahi kuwa na mama, fuata mpangilio huu: joto, maji, chakula, kisha wenzake. Wengi huanza kwa kumsogezea chakula na kushangaa mbona hali. Kifaranga mwenye baridi hali. Hana nguvu ya kula, na hata akimeza, chakula kinabaki bila kusagika.

Kabla ya yote, tafuta mama wa kambo

Mlezi bora wa kifaranga ni kuku. Kama unaye kuku mwingine anayeatamia, jaribu njia hiyo kabla ya kutafuta boksi na taa, maana itakuondolea kazi ya wiki tano au sita. Anayefaa ni yule aliyekwisha kukaa juu ya mayai wiki mbili au zaidi, anayetutumua manyoya na kuguna ukimsogelea. Aliyeanza kuatamia juzi hafai, kwa sababu mwili wake bado haujawa tayari kupokea watoto.

Kazi hii hufanywa usiku, giza likishatanda. Kifaranga awe mkavu, awe na joto, na umri wake usizidi siku mbili. Wa siku nne au tano mara nyingi hukataa mwenyewe, kwa kuwa ameshakizoea kitu kingine kama mama. Mfunike kiganjani, pitisha mkono ubavuni mwa kuku, umwachie chini ya bawa, na unapoutoa mkono toka na yai moja. Usimmulike kuku usoni. Akiguna kwa sauti ya chini na kujiweka sawa, mambo yanaelekea kuzuri.

Kinachoamua ni alfajiri. Uwe pale kabla hakujapambazuka, kwa sababu ndipo kuku anapomwona mgeni wake kwa mara ya kwanza. Akimwita kwa zile sauti fupifupi za chini, na kifaranga akajisukuma kurudi chini ya manyoya, waache. Akimgusagusa taratibu kwa mdomo, hilo pia si tatizo. Lakini akimdonoa kichwani kwa nguvu, hata mara moja, mtoe papo hapo. Madonoo machache ya kuku mzima yanatosha kumuua. Kuku aliye na vifaranga wake naye anaweza kupokea wa nje kwa njia hiyohiyo, mradi wake wawe wa siku moja au mbili tu. Akishawajua wanawe kwa sura na sauti, mgeni hana nafasi, hasa mwenye rangi tofauti na wao.

Kama hakuna kuku wa kumpa, mama ni wewe.

Hatua ya 1: Mkaushe, mpashe joto

Aliyetotolewa kwenye mashine mwache humo hadi manyoya yatutumke, hata kama itachukua saa 12 au zaidi. Kufungua mashine kila mara kumtazama kunawapotezea unyevu wenzake ambao bado wamo ndani ya maganda. Uliyemkuta amelowa kiotani mfute taratibu kwa kitambaa laini chenye uvuguvugu, umweke mahali pa joto. Usimsugue, na usimwogeshe kwa sababu yoyote.

Ukikuta yai limedokolewa tundu na mama ameliacha, liweke kwenye joto la nyuzi 37.5 hivi lenye unyevu na uwe na subira. Kutoka tundu la kwanza hadi kifaranga kutoka kunaweza kuchukua siku nzima. Muda wote huo anamalizia kuvuta kiini na damu kutoka kwenye utando wa ndani ya ganda. Ukimenya ganda kabla damu haijaondoka kwenye utando huo, atavuja damu mikononi mwako.

Kuna njia rahisi ya kujua kama kifaranga ana baridi: mguse miguu. Mshike kiganjani, umgusishe nyayo zake shavuni au shingoni mwako, mahali ambapo ngozi yako huhisi upesi. Zikiwa vuguvugu, yuko salama. Zikiwa za baridi, mwili wake mzima umepoa, hata kama bado anasimama na kulia.

Aliyepoa kiasi cha kulegea shingo na kufumba macho bado anaweza kurudi. Mweke kifuani ndani ya nguo, ngozi kwa ngozi, au umfunge kitambaa kikavu na kumweka karibu na chanzo cha joto, kichwa kikiwa nje. Itachukua nusu saa, pengine saa nzima. Usimpe maji wala chakula hadi afumbue macho na kuinua kichwa. Hapo chovya ncha ya kidole kwenye maji vuguvugu yenye sukari kidogo, uguse pembeni mwa mdomo wake, naye alambe mwenyewe. Ukimdondoshea maji mdomoni kwa nguvu yataingia kwenye njia ya hewa, na utamuua yule uliyekuwa unamwokoa.

Hatua ya 2: Boksi lake

Hili halihitaji gharama. Boksi la katoni, beseni kubwa au kreti vinafaa, mradi kuta zifike sentimita 30 au zaidi kwenda juu kuzuia upepo, na sehemu ya juu ibaki wazi au ifunikwe kwa wavu. Boksi la sentimita 60 kwa 40 linawatosha vifaranga wanane hadi kumi kwa wiki mbili za kwanza. Baada ya hapo watahitaji eneo mara mbili yake. Kama ni wengi, ziba kona kwa vipande vya katoni ili boksi liwe la mviringo. Vifaranga wakishtuka au wakihisi baridi hurundikana konani, na wa chini hukosa hewa.

Chini tandika maranda ya mbao yenye kina cha sentimita 5 au zaidi. Vumbi laini la msumeno halifai, kwani wanalila wakidhani ni chakula na linawasumbua kupumua. Gazeti tupu nalo ni hatari kuliko linavyoonekana. Linateleza, na kifaranga wa siku mbili akiteleza mara kwa mara, miguu inakwenda pembeni, mmoja kulia na mwingine kushoto, na misuli inakomaa hivyo. Kwa siku mbili tatu za mwanzo tandaza juu ya maranda kitambaa chenye mkwaruzo au karatasi za kupangusia. Wakishajua chakula ni kipi, ondoa.

Weka boksi mahali ambapo paka, panya na mbwa hawafiki. Kisha fikiria wadudu: sisimizi na siafu huvutwa na chakula kilichomwagika, na kundi la siafu linaweza kumaliza boksi zima usiku mmoja. Liinue boksi juu ya meza au viti, na kila mguu wa meza uusimamishe ndani ya kopo lenye maji.

Hatua ya 3: Chanzo cha joto

Wiki ya kwanza kifaranga anahitaji nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, zikipimwa pale mgongo wake ulipo. Kipimajoto kilichoning'inizwa ukutani mwa chumba hakikuambii lolote kuhusu hilo.

Balbu ya zamani ya uzi, wati 40 au 60, inawatosha vifaranga wachache ndani ya boksi. Balbu za LED, hata za mwanga mkali namna gani, karibu hazitoi joto. Usidanganyike na mwangaza. Kwa wengi hutumika taa ya miali ya joto ya wati 250, na kama utachagua, chukua nyekundu, kwa sababu mwanga wake hupunguza tabia ya kudonoana. Ifunge kwa mnyororo au waya imara, kisha uifunge mara ya pili kwa kamba nyingine inayojitegemea. Taa hizi zikianguka kwenye maranda makavu huwasha moto, na mabanda mengi yameungua kwa njia hiyo.

Pasipo umeme, jiko la mkaa hufanya kazi vizuri, lakini hapa nasisitiza. Liwashie nje hadi moshi uishe na makaa yashike jivu juu, ndipo uliingize. Hata hapo, makaa yanaendelea kutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunukia, na hewa hiyo huua vifaranga na watu vilevile. Chumba kiwe na matundu ya hewa sehemu ya juu, jiko lizungushiwe wavu wasilifikie, na kamwe usilaze watu katika chumba hicho.

Kwa kifaranga mmoja hadi watano, chupa ya maji ya moto ndiyo ninayoipenda zaidi. Jaza maji ya moto yasiyochemka, ifunge, izungushie kitambaa hadi ukiigusa iwe na uvuguvugu tu, uilaze ndani ya boksi. Watajibanza ubavuni mwake kama ambavyo wangejibanza kwa mama. Kasoro yake ni kwamba inapoa baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Weka chupa mbili, ubadilishe moja moja, ili zisipoe zote kwa mkupuo. Chupa hizi ziwe tayari hata kwa anayetumia taa, kwani umeme ukikatika usiku wa manane hutakuwa na muda wa kuzitafuta.

Vyovyote utakavyochagua, joto likae upande mmoja wa boksi. Upande wa pili uwe na ubaridi kiasi. Mama kuku haendi nao kila mahali. Wao humkimbilia wakisikia baridi na kutoka wakishapata joto. Boksi linalochemka pande zote linawanyima uamuzi huo.

Hatua ya 4: Msome kifaranga, kipimajoto baadaye

Ukikosa kipimajoto, usihofu. Vifaranga wenyewe ni kipimo sahihi zaidi, ukijua pa kutazama. Wasogelee kimyakimya wasikuone, kwa sababu wakikuona watabadilika.

Wamerundikana chini ya taa na wanalia kwa sauti kali, ya juu, isiyokatika? Wana baridi, shusha taa au ongeza chupa. Wamekimbilia kuta za mbali, midomo wazi, mabawa wameyaachia, wako kimya? Wamezidiwa na joto. Inua taa haraka, na uwape maji. Wote wamejikusanya upande mmoja usiohusiana na taa? Kuna upepo unaingia kutoka upande wa pili. Na wakiwa wametawanyika, wengine wanakula, wengine wamelala wamenyoosha shingo na bawa pembeni kama waliokufa, huku wakitoa milio laini ya hapa na pale, usiguse chochote. Ulalaji ule wa kujinyoosha huwatisha sana wanaolea kwa mara ya kwanza. Ni usingizi mzito wa mtoto aliyeshiba.

Fanya ukaguzi huo kabla ya kulala, na tena saa za alfajiri ambazo ndizo zenye baridi zaidi. Taa iliyowatosha mchana inaweza isiwatoshe saa kumi usiku.

Hatua ya 5: Maji

Maji hutangulia chakula kwa saa moja au mbili. Yawe vuguvugu siku ya kwanza. Kila kifaranga mshike, uchovye ncha ya mdomo wake kwenye maji, ncha tu, matundu ya pua yabaki juu. Atainua kichwa na kumeza. Ukimfundisha mmoja au wawili, wengine wataiga. Akiwa peke yake, rudia mara kadhaa hadi umwone anakwenda mwenyewe.

Chombo kiwe kifupi na chenye mdomo mwembamba. Kifaranga huzama kwenye maji ya kina cha vidole viwili, au hulowa na kufa kwa baridi. Sahani yenye kokoto safi zilizojaa inafaa: maji yanabaki katikati ya kokoto, mdomo unafika lakini mwili hauingii. Baada ya siku chache inua chombo juu ya kipande cha mbao, kiwe usawa wa mgongo wao, wasikijaze maranda na kinyesi. Badilisha maji angalau asubuhi na jioni, na kila yanapochafuka.

Waliosafiri mbali au waliodhoofika wape kijiko kimoja hadi viwili vya mezani vya sukari au glukosi katika lita moja ya maji, kwa saa chache za mwanzo. Kisha rudi kwenye maji matupu. Sukari ikiendelea siku nzima huwaharisha, na maji yale hugeuka machachu upesi kwenye joto.

Hatua ya 6: Chakula

Chakula kinachofaa ni kile maalumu cha vifaranga, chenye protini asilimia 18 hadi 20 kwa wa mayai na wa asili, na asilimia 20 hadi 22 au zaidi kwa wa nyama. Usiwape cha kuku wanaotaga kwa kisingizio kwamba ndicho kilichopo. Kina kalisi (madini ya kalsiamu) nyingi kwa ajili ya maganda ya mayai, na kalisi hiyo inaharibu figo za kifaranga.

Siku ambayo hujakipata bado, kiini cha yai la kuchemsha kilichopondwapondwa pamoja na chenga laini za mahindi kitawavusha. Kwa siku moja au mbili, si zaidi. Kiini huoza haraka kwenye joto, kwa hiyo weka kidogo na uondoe mabaki kila baada ya saa moja au mbili. Mahindi peke yake hushibisha bila kujenga mwili; utaona mabawa yanachelewa kuota manyoya.

Mama kuku huwafundisha vifaranga kula kwa kudonoa chini huku akiita. Wewe fanya hivyohivyo kwa kidole. Nyunyiza chakula juu ya karatasi nyeupe, kisha gonga kwa ncha ya ukucha, haraka haraka, katikati ya chembe. Kifaranga atainamisha kichwa, atatazama kwa jicho moja, kisha ataudonoa ukucha, halafu chembe iliyo karibu. Wakishajua, hamishia chakula kwenye kilishio chembamba wasichoweza kusimama ndani yake.

Chakula kiwepo muda wote, na siku mbili tatu za kwanza mwanga usizimwe, ili kila mmoja akione. Usiku wa kwanza, papasa chini ya shingo, kifuani upande wa kulia, ambapo kuna kifuko cha kuhifadhia chakula. Kikiwa kimejaa na kulainika mfano wa uji mzito, amekula na kunywa. Kikiwa kigumu, amekula bila kunywa. Kikiwa kitupu, arudishwe kwenye somo la ukucha.

Wakianza kupewa kitu kingine chochote, majani, wadudu au nafaka, wawekee na mchanga mwembamba wenye changarawe ndogondogo. Kuku hana meno, na firigisi inahitaji vijiwe ili isage.

Hatua ya 7: Asiwe peke yake

Ningependa kila anayelea kifaranga mmoja alichukulie jambo hili kwa uzito uleule wa joto. Kifaranga wa pekee mwenye joto la kutosha, maji na chakula bado anaweza kulia kutwa nzima, na anayelia kutwa hali vizuri wala halali vizuri. Kuku ni ndege wa kundi. Mtafutie mwenzake mmoja au wawili wa umri wake. Tofauti ya siku mbili tatu haina shida, ila ikizidi wiki mkubwa atamwonea mdogo.

Ukikosa kabisa, mwekee kioo kidogo ukutani mwa boksi, na umning'inizie vipande vya kitambaa laini, urefu wa kugusa mgongo wake, karibu na chanzo cha joto. Ataingia katikati yake na kutulia. Mchana kaa karibu naye, uzungumze. Katika siku yake ya kwanza na ya pili kifaranga humfuata yeyote anayemwona akitembea na kutoa sauti, na akishamshika huyo kuwa mama, ndiyo basi. Mwanasayansi wa Austria, Konrad Lorenz, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na wenzake wawili, alijulikana sana kwa kuonyesha tabia hii kwa mabata bukini waliomfuata yeye popote alipokwenda. Anayelea kifaranga mmoja ajiandae kufuatwa hivyo, na aangalie sana anapokanyaga.

Mapenzi yasikufanye umbusu wala kumweka mezani penye chakula. Vifaranga wanaoonekana wazima kabisa wanaweza kubeba bakteria wa salmonela. Kila anayewashika anawe mikono kwa sabuni, na watoto walio chini ya miaka mitano wasiachwe kuwachezea.

Hatua ya 8: Mgeuze kila siku, umkague

Dakika moja kwa kila kifaranga, kwa wiki nzima ya kwanza.

Anza na sehemu ya haja. Kinyesi kikigandamana hapo na kukauka, kinaziba njia, na kifaranga hufa akiwa amejaa tumbo. Usikibandue kikiwa kikavu, utachuna ngozi. Shikilia pamba iliyolowa maji vuguvugu hapo hadi kilainike, kifute polepole, mkaushe vizuri, upake mafuta kidogo ya kulainisha ngozi. Huenda ukarudia kwa siku kadhaa. Kwa kawaida husababishwa na joto kuzidi au kupungua, au safari ndefu, kwa hiyo rekebisha boksi pia.

Usikichanganye kitovu na sehemu hiyo. Kitovu kipo mbele yake, upande wa tumbo, na kinaweza kuwa na kigaga cheusi au kiuzi kikavu. Kiache, kitadondoka chenyewe. Ukikivuta unaweza kutoa utumbo. Kikiwa kibichi au chekundu, paka dawa ya ayodini na umtenge kwenye tandiko safi hadi kikauke.

Kisha miguu. Aliyepanuka miguu hupona kwa urahisi akiwahiwa ndani ya siku mbili tatu. Kata ukanda mwembamba wa bandeji inayojishika, ufunge miguu yote miwili juu kidogo ya vidole, ukiacha katikati nafasi sawa na upana wa kawaida anaosimama mwenzake mzima. Asikazwe. Mweke mahali pasipoteleza, umsaidie kufika kwenye maji, na ufungue kila siku uone maendeleo. Mara nyingi siku tatu hadi tano zinatosha. Vidole vilivyojikunja kwenda ndani ni jambo jingine, mara nyingi upungufu wa vitamini B2, na mchanganyiko wa vitamini kwenye maji husaidia ukitolewa mapema.

Hatua ya 9: Tandiko kavu na chanjo

Kuanzia wiki ya tatu adui mkubwa ni ugonjwa wa kuhara damu, unaoitwa koksidiosisi. Mayai ya vijidudu vyake hutoka kwenye kinyesi, na yakipata joto na unyevu hukomaa ndani ya siku moja au mbili tu, kisha vifaranga huyala tena. Ukitoa kila siku maranda yaliyolowa, hasa yaliyo chini ya chombo cha maji, umekata mzunguko huo. Ukiona kifaranga amejikunyata, manyoya yamesimama, na kinyesi kina damu, mpe dawa kama amproliamu kwenye maji siku hiyohiyo kwa kipimo cha mtaalamu wa mifugo. Kesho inaweza kuwa wamepungua.

Chanjo usizikisie. Ya mahepe (ugonjwa wa Marek) hutolewa siku ya kwanza kwa sindano, ya kideri (Newcastle) na ya gumboro, ugonjwa unaodhoofisha kinga ya mwili, huja katika wiki za mwanzo, ya ndui baadaye kidogo kwa kuchomwa kwenye bawa, na ratiba kamili hutegemea magonjwa ya eneo ulilopo, hivyo muulize daktari wa mifugo. La kukumbuka ni kwamba chanjo nyingi za vifaranga zina virusi hai: jua, joto na maji yenye dawa ya klorini vinaziua kabla hazijamfikia kifaranga. Ile ya tone la jicho, subiri hadi apepese jicho ndipo umwachie.

Hatua ya 10: Mpunguzie joto, mtoe nje

Kila wiki punguza nyuzi 3 hivi, kwa kuinua taa sentimita chache au kubadilisha balbu ya wati ndogo. Wiki ya pili iwe karibu nyuzi 30, ya tatu 27, ya nne 24, hadi ifike 21. Tazama mgongo na shingo: mabawa huota manyoya siku za mwanzo kabisa, lakini sufi ya shingoni ndiyo ya mwisho kuondoka. Ikishafunikwa na manyoya kamili, kwa kawaida wiki ya tano au ya sita, taa haina kazi tena, isipokuwa mahali penye baridi kali.

Kuanzia wiki ya tatu, siku yenye jua na isiyo na upepo, watoe nje kwa nusu saa ndani ya kizimba cha wavu chenye kivuli upande mmoja. Kizimba kifunikwe juu. Mwewe na kunguru hawahitaji dakika nyingi. Wiki ya nne wawekee fito ya kurukia, sentimita 15 kutoka chini.

Chakula cha vifaranga kiendelee hadi wiki ya nane kwa wa mayai na wa asili, kisha wahamie cha kukulia taratibu, kwa kuchanganya vyote viwili kwa wiki moja. Kuwaunganisha na kuku wakubwa kusubiri hadi wakaribie ukubwa wao. Watenganishe kwa wavu kwanza kwa siku saba hivi, waonane na kusikiana, halafu uwafungulie jioni karibu na saa ya kulala, na uweke vyombo viwili vya chakula mbali kimoja na kingine, ili anayefukuzwa hapa akale kule.